Makaa ya Mawe Yanaagwa. Mkaa wa Miti Utaagwa Lini?

Tarehe 30 Septemba 2024 kituo cha umeme cha Ratcliffe-on-Soar, nchini Uingereza, kilizimwa. Kwa tendo hilo nchi iliyowasha mtambo wa kwanza wa kuuzia umma umeme wa makaa ya mawe, mjini London mwaka 1882, ikawa imeacha kabisa kuzalisha umeme kwa makaa hayo baada ya miaka 142.

Kwa mkazi wa Rusimbi, kata mojawapo ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, habari hiyo yaweza kuonekana kuwa ya mbali mno. Mjini humo hakuna mgodi wa makaa ya mawe, garimoshi haliendeshwi kwa makaa hayo, wala hakuna mama wa nyumbani ayapikiaye. Hata hivyo habari hiyo inamhusu kwa njia mbili. Kwanza, moshi wa makaa yaliyochomwa ughaibuni umechangia kulipasha joto Ziwa Tanganyika, ambalo ndilo shamba lake la samaki. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, namna mataifa mengine yalivyoyaacha makaa ya mawe ina mafunzo juu ya namna Rusimbi itakavyouacha mkaa wa miti, jambo ambalo haliwezi kuahirishwa daima.

KILICHOYAPANDISHA NA KILICHOYASHUSHA

Makaa ya mawe ni mabaki ya mimea ya kale iliyofukiwa chini ya tope na mchanga, ikashindiliwa na kupashwa joto kwa mamilioni ya miaka. Kwa hiyo yamebeba jua la zama zilizopita katika umbo dogo. Kilogramu moja ya makaa mazuri huwa na nishati nyingi kuliko kilogramu moja ya kuni kavu, na tena huchukuliwa, hulimbikizwa na huchomwa kwa urahisi. Ndiyo maana viwanda, reli na meli za mvuke za karne ya 19 ziliyategemea.

Mwaka 1913 migodi ya Uingereza ilitoa takriban tani milioni 290, na watu zaidi ya milioni moja walikuwa wakifanya kazi humo. Mgodi wa mwisho wa chini sana ya ardhi nchini humo, Kellingley, ulifungwa mwezi Desemba 2015. Je, makaa yalikuwa yamekwisha? La. Mengi yangali ardhini hadi leo. Kilichotokea ni kwamba kila kazi iliyofanywa na makaa ilipata mfanyakazi mwingine. Meli na garimoshi zikahamia mafuta. Majumba yakahamia gesi, hasa baada ya ukungu wa moshi ulioua maelfu ya watu mjini London mwezi Desemba 1952. Na mwishowe upepo na gesi vikachukua nafasi iliyobaki katika mitambo ya umeme.

Badiliko la namna hiyo lilionekana hata katika bandari ya Kigoma. Meli ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 na kuanza kazi ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen, ilizamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa, na ikarejea kazini mwaka 1927. Wakati wote huo ilisukumwa na mashine za mvuke. Katika miaka ya 1970 mashine hizo ziling'olewa na kufungwa injini za dizeli. Fueli haikuwa imetoweka. Injini ya dizeli ilifanya kazi ileile kwa taabu ndogo zaidi.

Hapa yafaa kuonya dhidi ya kosa moja. Wako wanaodhani kwamba makaa ya mawe yamekwisha kufa duniani kote. Sivyo. Mwaka 2023, na tena mwaka 2024, matumizi ya dunia nzima yalipita tani bilioni 8.5, kiasi ambacho hakikupata kufikiwa kabla ya hapo, na zaidi ya nusu yalitumika nchini Uchina. Kushuka kwa makaa ni jambo la kweli katika Ulaya na Marekani, lakini mizani ya dunia bado haijashuka kwa kadiri hiyo.

NG'AMBO YA ZIWA

Mfano ulio karibu zaidi na Rusimbi hauko Uingereza bali ng'ambo ya ziwa. Karibu na mji wa Kalemie, ulioitwa Albertville zama za Wabelgiji, kuna eneo la makaa ya mawe la Lukuga, jina lililotokana na mto utoao maji ya Ziwa Tanganyika kuyapeleka katika bonde la Kongo. Wabelgiji walifungua mgodi mahali walipopaita Greinerville, ambapo sasa panaitwa Makala.

Makaa ya Lukuga hayakuwa mazuri sana. Yana majivu mengi, na hayafai kutengenezea koki, yaani makaa magumu yanayohitajiwa katika matanuru ya kuyeyushia madini. Kwa sababu hiyo makampuni ya shaba ya Katanga yaliagiza makaa na koki kutoka Wankie, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, ingawa Kongo yenyewe ilikuwa na makaa. Kisha maporomoko ya mito yakaanza kutumiwa: kituo cha Mwadingusha kiliwashwa mwaka 1930, na vingine vikafuata. Kalemie nayo ikapata umeme wa maji kutoka Bendera, katika mto Kyimbi. Baada ya uhuru wa mwaka 1960, vita na kudorora kwa viwanda na reli vikamaliza soko lililokuwa limebaki, na uchimbaji wa kiwandani ukafifia.

Mambo mawili yanajitokeza katika historia hiyo. La kwanza, kuwa na fueli ardhini si sawa na kuwa na nishati. Fueli isiyofaa kwa kazi iliyopo, au isiyo na njia ya kufikishwa inakotakiwa, ni mawe tu. La pili, Katanga iliyapunguza makaa muda mrefu kabla ya ulimwengu kuanza kuzungumzia hali ya hewa. Iliyapunguza kwa sababu maji yalifanya kazi kwa nafuu.

MAKAA YA TANZANIA

Tanzania nayo ina makaa mengi, hasa kusini na kusini-magharibi. Mgodi wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa Uchina, ulifunguliwa mwaka 1988 pamoja na mtambo wa umeme wa megawati 6. Uchimbaji mkubwa wa Ngaka, wilayani Mbinga, ulianza mwaka 2011, na makaa yake yamekuwa yakichomwa katika viwanda vya saruji. Kuhusu Mchuchuma, wilayani Ludewa, mkataba uliohusu mgodi na kituo cha megawati 600 ulitiwa saini mwaka 2011, lakini zaidi ya muongo mmoja ukapita bila kituo hicho kuwasha taa hata moja. Mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipopandisha bei ya nishati, makaa ya Tanzania yalipakiwa katika bandari ya Mtwara na kupelekwa hata Ulaya, bara lilelile lililokuwa likihimiza wengine wayaache.

Wanaotetea makaa hayo wana hoja isiyopaswa kubezwa. Wanauliza: Kwa haki gani mataifa yaliyotajirika kwa makaa kwa zaidi ya karne moja yaizuie nchi isiyochangia ila sehemu ndogo mno ya moshi wa dunia? Swali hilo ni la haki. Lakini haki ya kutumia kitu si dalili ya kuwa kitu hicho kinafaa. Kituo kikubwa cha makaa hujengwa kitumike kwa miaka 40 au zaidi. Nchi ikikijenga leo kwa mkopo, itakuwa ikiulipa mkopo huo wakati bei ya mitambo ya jua ikizidi kushuka na benki nyingi zikiwa zimekwisha kuyafungia makaa milango. Makaa ya Ngaka yaweza kuendelea kuwa na kazi katika matanuru ya saruji, ambamo moto mkali unatakiwa. Kuyafanya kuwa msingi wa umeme wa taifa ni kununua koti wakati wa masika yakiisha.

ZIWA NALO LINA HESABU YAKE

Yako pia mambo yanayohusu dagaa moja kwa moja. Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470. Maji ya juu yana joto na ni mepesi. Ya chini ni ya baridi zaidi na ni mazito. Mbolea ya asili inayotokana na viumbe waliokufa huzama na kukaa chini. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini huyasukuma maji ya juu, na sehemu ya mbolea hiyo hupanda hadi kwenye mwanga, ambako vijimea vidogo sana huitumia. Vijimea huliwa na vijidudu vya majini, vijidudu huliwa na dagaa, na dagaa huliwa na migebuka.

Maji ya juu yanapozidi kupata joto, tofauti ya uzito kati ya tabaka mbili huongezeka, na upepo uleule hushindwa kuyachanganya kama zamani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa uzalishaji wa vijimea katika ziwa ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi, jambo linaloashiria upungufu wa samaki wa asilimia 30 hivi. Utafiti mwingine wa mwaka 2010, uliosoma matabaka ya tope la chini ya ziwa, ulionyesha kuwa joto la maji ya juu katika karne ya 20 halina mfano katika miaka 1,500 iliyotangulia. Uvuvi uliokithiri nao una lawama yake, na ndiyo maana nchi nne za ziwa zilikubaliana mwezi Desemba 2021 kulipumzisha. Tanzania ilifunga uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Lakini mvuvi anaweza kuamriwa kupumzisha nyavu. Hawezi kuamriwa kulipoza ziwa. Kwa hiyo wakazi wa Ujiji na Kibirizi wana maslahi halisi katika kushuka kwa makaa ya Uchina, India na Marekani, na sauti ya Tanzania katika mikutano ya mataifa yapasa kuyataja maslahi hayo bila haya.

MOTO WA RUSIMBI

Kwa miaka mingi umeme wa Kigoma ulitokana na majenereta ya dizeli. Mafuta yalisafirishwa zaidi ya kilomita 1,200 kutoka pwani, na mji ulizimika kila mafuta au vipuri vilipokosekana. Mwezi Oktoba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkoani humo matumizi ya umeme wa gridi ya taifa, na majenereta yakaanza kuzimwa. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini ukitaka kujua nishati ya mji, usitazame nguzo za umeme peke yake, tazama jikoni. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2019/20 ulionyesha kuwa karibu kaya tisa katika kila kumi nchini zilipika hasa kwa kuni au mkaa. Katika miji, mkaa ndio mkuu.

Hesabu ya mkaa yafaa kufanywa wazi. Katika tanuru la udongo la kawaida, kilogramu moja ya mkaa huhitaji kilogramu saba hivi za miti. Miti hiyo ina nishati ya megajuli 105 hivi. Mkaa uliopatikana una megajuli 29 tu. Jiko la bati la kawaida hufikisha sufuriani sehemu moja ya tano ya hizo, yaani megajuli 6 kasoro kidogo. Kwa maneno mengine, katika kila sehemu 100 za nishati zilizokatwa msituni, zinazoivisha chakula hazifiki sita. Zilizobaki huwa moshi na joto lililopotea.

Uniti moja ya umeme ni megajuli 3.6. Chungu cha umeme kilichofunikwa vizuri hufikisha katika chakula sehemu nne za tano za nishati hiyo. Basi uniti mbili hufanya kazi ya kilogramu moja ya mkaa. Na kwa vyakula vya kuchemshwa kwa muda mrefu, chungu cha umeme cha mvuke kilichozibwa huokoa zaidi: nusu kilo ya maharage, ambayo Kigoma inasifika kwayo, huiva kwa chini ya nusu ya uniti.

Mbona basi watu hawahami? Jibu halimo katika ukaidi wala ujinga. Tazama wavuvi wa dagaa. Kwa miongo mingi walivuta samaki kwa mwanga wa karabai za mafuta ya taa. Taa ndogo za umeme za betri, nyingine zikichajiwa kwa jua, zilipopungua bei, wavuvi wengi walizihamia bila kushurutishwa na mtu, kwa kuwa mafuta ya taa yaliwala faida kila usiku. Watu hao hao wakirudi nyumbani wanakuta chakula kikipikwa kwa mkaa. Tofauti ni kwamba mkaa hununuliwa kwa kopo, kwa fedha ya siku hiyo. Chungu cha umeme na mtungi wa gesi hutaka fedha nyingi kwa mara moja. Tena umeme hukatika, na mama mwenye watoto hawezi kuweka chakula cha jioni katika bahati nasibu.

Bei nayo ina mtego wake. Mtumiaji mdogo wa majumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi amekuwa akitozwa bei ya nafuu kubwa kuliko anayezidi. Kanuni hiyo ilitungwa kwa nia njema, kumsaidia maskini awashe taa. Lakini kaya iliyokuwa ikichoma kilogramu mbili za mkaa kwa siku, ikiuhamishia umeme moto huo wote, itahitaji uniti nne kwa siku, yaani 120 kwa mwezi, kabla ya kuhesabu taa na redio. Hata ikiokoa nusu kwa chungu cha mvuke, uniti 60 za kupikia zinaacha 15 tu kwa mengine yote. Kwa hiyo kanuni iliyokusudiwa kumlinda maskini inamwadhibu siku aachapo mkaa.

WACHIMBAJI WA MSITUNI

Migodi ya Uingereza ilipofungwa kwa haraka, hasa baada ya mgomo mkubwa wa 1984 na 1985, vijiji vilivyoishi kwa makaa viliachwa bila kazi nyingine, na athari zake zilidumu kwa kizazi kizima. Kigoma nayo ina wachimbaji wake, ila mgodi wao ni msitu wa miombo. Wako wakata miti, wachoma tanuru, waendesha baiskeli na pikipiki wenye magunia, na kina mama wauzao makopo barabarani. Kuupiga marufuku mkaa kwa siku moja hakuwezi kuufanya moto wa Rusimbi ubadilike. Kutapandisha bei tu, na kuligeuza tendo la kupika kuwa kosa. Serikali ilitenda kwa busara ilipoanza na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100, kwa kuwa shule na magereza yanaweza kupangiwa bajeti. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Lengo ni zuri. Njia ya kulifikia ndiyo inayohitaji mjadala.

YAFAAYO KUFANYWA

Kwanza, kanuni ya uniti 75 itazamwe upya, ili kaya inayopikia umeme iwe na kiwango chake cha nafuu. Pili, chungu cha umeme kiuzwe kwa malipo madogo madogo yanayokatwa pamoja na umeme, ili kishindane na kopo la mkaa katika mfuko uleule. Tatu, wakati badiliko hilo likiendelea, majiko bora ya udongo yenye kupunguza mkaa kwa theluthi au zaidi yasidharauliwe, na vifuu vya mbegu za mawese, vinavyopatikana kwa wingi mkoani, vitumike kukamulia mafuta mahali pa kuni. Nne, wachoma mkaa wapewe sehemu katika misitu ya vijiji, wavune kwa zamu na kupanda, badala ya kufukuzwa.

Tano, umeme wenyewe uimarishwe, na usitegemee chanzo kimoja. Kituo cha Julius Nyerere katika mto Rufiji, chenye uwezo wa megawati 2,115, kilianza kuingiza umeme katika gridi mwezi Februari 2024, na ni hazina kubwa. Lakini mwaka 2015 ukame uliilazimisha nchi kuzima karibu mitambo yake yote ya maji. Kigoma yapasa kuwa na vyanzo vya karibu: jua, na maporomoko ya Igamba katika mto Malagarasi, ambayo mradi wake wa megawati 49.5 ulipata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2020. Ikumbukwe kwamba mpango wa awali mahali hapo, uliokuwa katika msaada wa Marekani wa mwaka 2008, uliachwa kwa hofu ya kuangamiza viumbe wa majini wasiopatikana penginepo, na fedha kidogo zikaelekezwa katika umeme wa jua. Umeme wa mto hautakuwa safi ikiwa mto wenyewe utakufa. Upimaji wa viumbe hao hauna budi kuendelea kwa maisha yote ya mradi.

Makaa ya mawe hayakushushwa na hotuba. Yalishushwa pale kitu kingine kilipofanya kazi yake kwa bei ambayo mwananchi aliiweza na kwa uhakika aliouamini. Mkaa wa miti utashuka kwa masharti hayo hayo. Misitu ya Uvinza na Kasulu haina subira ya miaka 142, na uamuzi juu ya bei ya uniti moja ya umeme wa kupikia hauhitaji muda wote huo.